Kijani cha San Cosme

Doña Eulogia Coria alinunua gazeti kwangu kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja, na hakusoma hata mstari mmoja. Hakujua kusoma. Mimi nilijua, yeye hakujua kwamba najua, na hivyo tuliishi vizuri: mimi kibandani kwangu juu ya ngazi za kituo cha San Cosme, yeye akiteremka ngazi zile na gazeti kwapani kama wakili aliyechelewa mahakamani.

Nilijuaje? Kwa uzembe wangu mwenyewe, na uzembe huo utakutana nao tena kabla sijamaliza. Mwaka wa hamsini na tano, nikiwa ndiyo kwanza nimerithi kibanda kutoka kwa baba, nilimpa kimakosa gazeti la Don Naum, Myahudi mshona kofia wa mtaa wa nyuma. Gazeti lile liliandikwa kwa herufi za kwao, zinazoanzia kulia kwenda kushoto, na hata leo siwezi kukuambia lipi juu lipi chini. Baada ya robo saa Don Naum akarudi amefura.

"Anselmo, mimi nimekuomba habari za dunia, wewe unanipa mpira!"

Nikajua nimebadilisha. Nikasema moyoni, Doña Eulogia naye atarudi, tena huyu atanisema mpaka nitamani kufunga kibanda. Hakurudi. Jioni akapanda ngazi kutoka kazini, gazeti la Don Naum bado liko kwapani, limekunjwa vizuri, naye anatikisa kichwa.

"Habari mbaya leo, Anselmo. Mbaya kabisa."

"Mbaya sana, Doña," nikamjibu.

Ningeweza kucheka. Sikucheka, na katika maisha yaliyojaa upumbavu kama yangu, jambo hilo moja najivunia.

Kesho yake nikaanza kupiga kelele. Zamani wauza magazeti wote wa Buenos Aires walikuwa wakinadi habari kwa sauti, lakini wenye vibanda walikwisha kuacha. Wanakaa kwenye kiti, redio pembeni, mteja anajichukulia. Mimi, kila ikifika saa moja na dakika ishirini na kiatu cha Doña Eulogia kikitokeza kwenye kona, nilitangaza ukurasa wa kwanza wote. "Waziri ajiuzulu! Nyama yapanda bei! Mafuriko kusini!" Kinyozi akaniletea peremende za koo. Mke wangu Irma akawa anaona aibu kwenda sokoni.

"Watu wananiuliza kama una pepo, Anselmo."

"Waambie ni pepo msomi," nikamwambia.

Habari mbaya mno niliziruka. Mwanamke mjane, anaishi peke yake, za nini kumharibia siku? Yeye alikuwa akipita, ananitazama kwa dharau, ananiambia, "Una kelele wewe, utadhani unauza samaki," anachukua gazeti lake na kushuka.

Na asiyejua kusoma anasafirije chini ya ardhi, ambako hakuna mnara wa kanisa wala mti wa kuweka alama? Jibu wanalo waliojenga Subte, treni yetu ya chini, na laini yetu ndiyo kongwe kuliko zote, ya mwaka elfu moja mia tisa kumi na tatu. Hao waliujua mji wao. Nusu ya watu walikuwa wameshuka melini wakiwa na lugha za kila bandari, nusu nyingine wametoka mikoani, na shule wengi waliiona kwa nje tu. Basi kuta za vituo wakazivisha vigae vyeupe, na juu ya vigae vile wakazungusha mkanda wa rangi, kila kituo na rangi yake. Huna haja ya kusoma. Unatazama dirishani, unaona rangi yako, unafungua mlango wa mbao kwa mkono wako, unashuka.

Doña Eulogia hakuambiwa na mtu. Alikuja kutoka mkoa wa Santiago del Estero akiwa na miaka ishirini, na siku ya kwanza tu akaelewa. Alikuwa fundi wa suruali, anazipeleka kwa mwenye duka vituo vinne mbele, na njia yake aliijua kama anavyojua mfuko wake: chokoleti, bluu ya aproni, njano ya yai, kijani kikavu, kijani kibichi, nyumbani. Rangi ilikuwa ndiyo kazi yake. Umpelekee koti la miaka kumi lililopauka upande mmoja, atakupatia uzi wa upande uliopauka na uzi wa upande mwingine, na hutaona aliposhona.

Hicho kijani kibichi ndicho chetu, San Cosme. Yeye alikiita kijani cha mate, yale majani tunayokunywa kama chai, yakiwa yamekwisha kunyweshwa maji. Kituo jirani, Las Carretas, kilikuwa na kijani cha majani ya mate makavu, kabla hujayatia kwenye kibuyu. Aliyeviweka vijani hivyo viwili vikae jirani alikuwa amelewa, au alikuwa shemeji wa mkubwa fulani. Wasomi kama sisi tulikuwa tukiona kijani tu, na mtu akisinzia anashuka kituo cha jirani na kutembea mitaa tisa. Doña Eulogia hakukosea hata mara moja.

Mambo mengine yote aliyamaliza kwa miwani. Ukimpa karatasi, miwani yake iko nyumbani. Barua ikija, miwani iko nyumbani. Nayo ukimkuta huko huko nyumbani, imevunjika. Kwa miaka thelathini na mmoja miwani ile sikuwahi kuiona. Saini yake aliichora, taratibu, kama mtu anayechora ua, na ilikuwa saini nzuri kuliko yangu. Mtaa mzima ulimheshimu, na heshima hiyo aliishika kwa mikono miwili. Mara nyingi nilifikiri kwamba siku ikijulikana, ataacha kupita mbele yetu. Atahamia hata Las Carretas.

Mwaka wa themanini na sita, kigae kilianguka kutoka kwenye mkanda kikampata begani Don Rosendo, mwenye duka la dawa. Hakuumia sana, lakini alilalamika vizuri. Ukarabati ukaamuliwa, na siku moja tangazo likabandikwa juu, mwanzo wa ngazi. Mimi nikalisoma kwa sauti, huku nikijifanya naligombeza. "Ati kuta zote zitakuwa rangi moja! Rangi ya mchanga! Laini nzima! Na majina ya vituo makubwa kama milango!"

Doña Eulogia alikuwa ameinua mguu kushuka ngazi ya kwanza. Akaurudisha.

Mkutano ulifanyika kwenye duka la mikate. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Nélida Aguirrezabala, mstaafu, aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma na ambaye mpaka leo anasahihisha tahajia kwenye ubao wa mwuza nyama. Msanifu wa majengo aliyepewa kazi alikuja mwenyewe, kijana mwenye ndevu aitwaye Etchart, na michoro chini ya mkono.

"Mabibi na mabwana, zama zimebadilika," akasema. "Jina kubwa, linaonekana kutoka dirisha lolote. Mtu anasoma, anashuka. Basi."

"Na asiyesoma?" Sauti ilikuwa ya Doña Eulogia. Alikuwa amesimama, na nadhani hata yeye hakujua amesimama saa ngapi.

Mwalimu Nélida akageuka na kiti chake. "Nani asiyesoma, Eulogia? Mtaa huu nimeufundisha mimi!"

Nikaona shingo ya Doña Eulogia inakuwa nyekundu.

"Nasema... aliyesahau miwani nyumbani."

Mwalimu akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Lo! Sikuliwaza hilo! Wazee! Wenye miwani! Anselmo, andika!"

Nikaandika. Ndivyo uongo wa miaka thelathini ulivyogeuka hoja ya kwanza ya kamati yetu, na ilikuwa hoja nzuri, maana Etchart alianza kukunja michoro yake. Tangu siku hiyo Doña Eulogia akawa simba wa San Cosme. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba na karatasi ya saini ambayo hakujua imeandikwa nini, akawaambia watu, "Soma mwenyewe, mimi sitaki kukushawishi," wakasoma, wakatia saini. Tulipata saini mia tisa. Wakubwa wakakubali: kijani kibaki, vigae vipya vitengenezwe vifanane na vya zamani.

Vikaja. Doña Eulogia alikuwa anapita na suruali zake mkononi wakati Etchart anafungua sanduku la kwanza chini kituoni, mbele ya fundi wa vigae, Mparagwai mmoja mpole jina lake Crispín. Nami nilikuwapo, kwa sababu mahali penye jambo mimi huwa nipo.

"Hicho siyo," akasema bila hata kusimama.

"Siyo nini, Doña?"

"Kijani chetu. Hicho ni cha Las Carretas."

Etchart akatabasamu kama daktari wa watoto. "Doña Eulogia, karatasi ya kiwandani hii hapa. Imeandikwa San Cosme."

"Karatasi na iseme yake. Ukuta unasema mengine. Crispín, mwanangu, futa hicho cha zamani kwa siki."

Crispín akafuta. Masizi ya miaka sabini na tatu yakatoka, na chini yake kikatokea kijani kilichokoza, chenye maji, na kile kipya kando yake kikaonekana kikavu kama kilivyo. Hata mimi niliona. Etchart akatazama kigae, akatazama karatasi, akatazama kigae. Kisha akapanda ngazi mbili mbili kwenda kupiga simu. Masanduku yalikuwa yamebadilishana, na kule Las Carretas walikuwa wamekwisha kubandika mita mbili za kijani chetu.

"Umejuaje?" akamwuliza aliporudi, anahema.

"Nina macho," akasema Doña Eulogia. "Wewe una karatasi."

Angeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini mshindi hupewa zawadi, atake asitake. Kamati ikakaa, Mwalimu Nélida akasimama, akatangaza kwamba siku ya ufunguzi hotuba itasomwa na mtu mmoja tu anayestahili. Watu wakashangilia. Doña Eulogia akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole na askofu. Mwalimu akampa kurasa mbili, zimepigwa taipu.

Kesho yake, saa moja na dakika ishirini, hakupita. Alisimama mbele ya kibanda.

"Anselmo, hebu nisomee hii. Nataka kujua inavyosikika masikioni mwa watu."

"Kwani ukisoma mwenyewe huna masikio?" Neno likatoka, nikatamani kulikamata kwa meno.

"Mtu hajinyoi kisogo," akasema. "Soma."

Nikasoma. "Tena," akasema. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Nikasoma mara ya pili, mara ya tatu, wateja wanangoja, Don Naum anagonga mbao kwa funguo zake.

"Tena, na safari hii usikohoe pale kwenye 'babu zetu waliokuja na mabegi ya kamba', maana nitakohoa na mimi!"

Tukatazamana. Mimi nikainama haraka kupanga majarida ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Nilisoma mara ya nne nikiwa nimeinama hivyo hivyo juu ya karatasi zangu za kibandani, kisha nikamrudishia karatasi zake, akazikunja, akazitia mkobani.

Ufunguzi ulikuwa Jumapili asubuhi, chini kituoni. Kamati ilileta tarumbeta na ngoma, behewa moja la zamani la mbao lilisimamishwa pembeni, vioo vyake vimepambwa maua, na Don Rosendo na mkewe walikaa mbele kwa sababu ya lile bega. Crispín alikaa juu ya ngazi yake ya kazi, kwani kona moja ya mkanda ilikuwa bado haijakauka. Doña Eulogia akaja amevaa suti ya bluu aliyojishonea, na puani ana miwani! Mpaka leo sijui aliinunua wapi. Akafungua karatasi, akasafisha koo, akaanza.

Lo, alisoma! Hakukosa neno. Aligeuza ukurasa palepale nilipokuwa nikivuta pumzi. Na kwenye "babu zetu waliokuja na mabegi ya kamba", akakohoa. Kidogo tu, kistaarabu. Mwalimu Nélida alikuwa analia kwa furaha.

Anayeijua Subte anajua kwamba treni, kabla hujaiona, hutanguliza upepo wake. Upepo ukaja kutoka kwenye shimo, ukainua sketi, ukaangusha maua, ukampokonya Doña Eulogia karatasi zote mbili. Na yeye, maskini, akaendelea. Akainamisha macho kwenye mikono mitupu na kusema sentensi nne nzima, koma kwa koma. Watu wakalipuka kwa makofi.

"Kwa moyo!" Mwalimu akapiga kelele. "Ameikariri yote kwa moyo!"

Hapo tulikuwa tumeokoka. Lakini karatasi zilikuwa zimetua kwenye ngazi ya Crispín, Crispín akazishusha kwa adabu, akampa Mwalimu, na Mwalimu Nélida hawezi kuona maandishi bila kuyasoma kwa sauti.

"'Don Naum, jarida la chesi,'" akasoma. "'Kinyozi, katuni. Don Rosendo wa duka la dawa, jarida la wanawake watupu, lifungwe ndani ya lile la kilimo...'"

Ilikuwa orodha yangu ya wateja. Binti yangu aliipiga taipu, kurasa mbili vilevile. Nilikuwa nimebadilisha karatasi siku ile kibandani, kama nilivyobadilisha magazeti mwaka wa hamsini na tano. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mke wa Don Rosendo peke yake hakucheka, naye alikuwa anamtazama mumewe kwenye bega la pili, lile lililokuwa bado zima. Nilitamani ardhi inimeze, lakini tayari nilikuwa tumboni mwake.

Kisha Mwalimu akainua uso, na kicheko kikafa kidogo kidogo.

"Eulogia. Hii siyo hotuba. Ulikuwa unasoma nini?"

Angeweza kusema miwani. Nilimwombea aseme miwani. Mkono wake ulikwenda kwenye miwani kabisa, akaishika, akaivua. Akainua macho juu, kwenye mkanda.

"Nilikuwa nasoma hiyo," akasema. "Kijani. Ninyi wengine sijui. Waliiweka hapo kwa ajili ya watu wasiojua kusoma, nami nimeisoma kila siku kwa miaka arobaini na moja, sijapotea hata mara moja. Nilidhani tupo wengi. Inaelekea nimebaki peke yangu. Basi itunzeni vizuri, mnisaidie."

Treni ilikuwa imesimama, milango wazi, na abiria waliokuwa ndani hawakushuka.

"Tuko wawili, Doña," akasema Crispín kutoka juu ya ngazi.

Mwalimu Nélida alikunja orodha yangu mara nne. Akamwendea Doña Eulogia, wakasimama uso kwa uso.

"Jumatatu, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwangu," akasema. "Uje na Crispín."

"Jumatatu nina suruali, Mwalimu."

"Jumanne."

"Jumanne pia suruali."

"Eulogia!"

"Haya, Jumatano. Lakini nakuja nazo."

Wapiga tarumbeta wakaanza kupiga, kwa sababu hawakujua la kufanya, na watu wakaanza kumkumbatia. Mimi nilipanda ngazi, nikaenda nyumbani, nikamwambia Irma nimeua mtu.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilifungua kibanda nikiwa na hakika hatakuja. Saa moja na dakika ishirini, kiatu kikatokeza kwenye kona. Nikavuta pumzi, na koo langu, ambalo halijui kitu kingine, likafanya kazi yake.

"WAZIRI AFUTWA KAZI! MKATE WAPANDA..."

"Anselmo." Alisimama mbele yangu, mkobani suruali tatu. "Mimi si kiziwi. Sijui kusoma tu."

Nikashusha gazeti.

"Miaka thelathini na mmoja unanipigia kelele masikioni," akasema. "Nilivumilia kwa sababu ulikuwa unajitahidi. Sasa imekuwa wazi, hakuna haja. Sogeza hayo majarida nikae."

"Doña... ulijua? Tangu lini?"

"Siku niliporudi na gazeti la Don Naum ukanijibu 'mbaya sana'. Herufi zile hata mimi niliona si za kwetu; ungekuwa hujui kwamba sisomi, ungenicheka kwa kubeba gazeti la mwingine." Akaketi juu ya rundo la majarida ya kilimo, akaweka mkoba mapajani. "Nilishukuru siku ile. Sikusema, lakini nilishukuru. Haya, nisomee, kwa sauti ya watu wazima. Na usiniruke yale mabaya, maana miaka yote hii nimekuwa nikiyasikia kwenye treni."

Nikafungua gazeti. Herufi zilikuwa zinacheza, ilibidi nifute macho mara mbili. Kisha nikaanza juu kushoto, polepole, na mabaya yote.